Kicheko cha Mwalimu Qiu

Kwa miaka kumi na minane Mwalimu Qiu Hongmei alifundisha Kiingereza katika chuo cha mji wa Zunyi, China, kwa ubao na chaki, na wanafunzi wakisinzia. Mwaka ule akabuni njia mpya: kila mmoja ajirekodi kwa simu akisimulia habari za kwao, kisha darasa zima lisikilize na kusahihishana. Darasa likachangamka, hata walimu wengine wakaja kuchungulia.

Ikafika zamu ya Shu Lanying, binti wa milimani, ambaye ulimi wake haukutenganisha L na N. Alitaka kusema "light", yaani mwanga, likatoka "night", usiku. Darasa likaangua kicheko, na Mwalimu Qiu naye akacheka.

Lanying hakuonekana darasani wiki mbili. Mwalimu akamkuta bwaloni, bakuli la tambi limepoa mbele yake.

"Rudi, mwanangu. Wale ni watoto tu."

"Wale walinicheka kila siku, Mwalimu, nimewazoea. Siku ile nilikutazama wewe."

Mwalimu Qiu mwenyewe alizaliwa katika milima ileile, na ulimi huohuo aliuficha ujana wake wote.

Kipindi kilichofuata alijirekodi akisema kama alivyosema utotoni, akawawekea wanafunzi wasikie. Walicheka hadi walipoitambua sauti ya mwalimu wao.

Lanying alirudi. Siku hizi anasema vizuri, ila kabla ya kila neno gumu humtupia mwalimu jicho kwanza, kuona kama atacheka, na Mwalimu Qiu huinamisha uso.