Msitu wa Mialoni wa Mzee Walter

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nina wiki tatu tu Houston, nimetoka Mombasa, na bandarini nilikokuwa karani mtu hakuanza kazi mpya bila tai. Muuguzi Mkuu wa ile nyumba ya wazee, mama wa Kitexas mwenye miwani ya kamba, alinikagua kuanzia viatu hadi kofia. Akanipa shati na suruali ya buluu, kisha akanikabidhi mkanda mpana wa turubai.

"Huu ndio utakaokulisha," akasema. "Mgonjwa hainuliwi kwa mikono, wala kwa huruma. Anainuliwa kwa mkanda."

Cheo changu kilikuwa msaidizi wa muuguzi. Nyinyi mnaoanza sasa mna mashine za kuinulia, mnabonyeza kitufe mzee anapaa. Sisi tulimfunga mgonjwa mkanda kiunoni, tukapinda magoti, tukahesabu moja, mbili, tatu, tukasimama naye. Asiyeweza kusimama tulimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, yaani ngozi kuoza kwa kulala upande mmoja. Wanaume wenzangu wa pwani waliokuwa madereva walinicheka kwamba ninafuta wazee. Niliwaacha wacheke. Kazi niliipenda, na joto la Houston, lenye unyevu wa kunata shingoni kama la Mombasa, lilinipunguzia upweke.

Baada ya miaka sita nilihamia Grand Prairie, mke wangu alipopata kazi huko. Nikaajiriwa na wakala wa Fort Worth aliyepeleka wahudumu majumbani kwa wagonjwa. Msimamizi wetu alikuwa muuguzi kutoka Nakuru, mdogo kwangu kwa miaka ishirini, nami nilimwita Sista kwa heshima ya cheo chake. Yeye ndiye aliyenipeleka Mansfield kwa Mzee Walter.

Mzee Walter alikuwa Mwingereza aliyekuja Texas ujanani na mkewe kufuata kazi ya mafuta, wakazeeka, mkewe akafa. Moyo wake ulikuwa umedhoofu. Haukusukuma damu kwa nguvu ya kutosha, kwa hiyo maji yalimkusanyikia miguuni na pumzi ilimwishia upesi. Binti yake wa pekee, Karen, alikuja kila Jumapili na maua. Mzee akitaka kuzungumza naye habari za kaburi au za nyumba, Karen alimkatiza: "Ukipata nafuu, Baba, tutazungumza." Mzee alimtazama kidogo, kisha akageukia dirishani, ambako hakukuwa na cha kuangalia ila nyasi kavu na magari ya majirani.

Asubuhi moja alikataa uji, akakataa dawa. Akaniambia kwamba kabla ya mafuta alikuwa kibarua wa misitu katika vilima vya kwao Uingereza, na kuna mwaloni mmoja kando ya kijito, chini yake ndipo alipomposa mkewe. Alitaka kuuona. Nami nikafanya kosa ambalo mtu wa kwetu yeyote angelifanya. Kwetu ukiingia kwa mgonjwa humwachi bila neno la kumtia moyo. Unamwambia utainuka, utatembea, tutakwenda pamoja mpaka sokoni. Mgonjwa anaitikia, na hakuna anayefunga mizigo.

"Kula upate nguvu, Mzee," nikasema. "Tutakwenda pamoja mpaka kwenye huo mwaloni."

Akala. Kesho yake akaomba mkanda mwenyewe. Tukatembea hatua kumi, kisha ishirini, kisha mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi. Nilijisifu moyoni kwa ufundi wangu, hadi Sista aliponiita ofisini.

"Mzee Hassan, huyu patient ananiambia mna-plan trip ya England. Ni ukweli?"

"Nilimfariji tu, Sista. Unajua desturi yetu."

"Hata kwetu ni hivyo hivyo. Lakini huyu si wa kwetu, na uli-promise. Sasa chagua. Umwambie ulikuwa unambembeleza tu, ama u-apply visa."

Sikulala vizuri wiki ile. Kumwambia nilikuwa nabembeleza kungemrudisha kitandani, na nilijua hangeinuka tena. Nikaomba visa. Daktari alisema safari haitamdhuru akipumzika njiani. Karen alikataa kwa miezi miwili, kisha akakubali, na kwenye uwanja wa ndege akanivuta kando.

"Nakuomba kitu kimoja, Hassan. Usimzungumzie ugonjwa. Mrudishe na matumaini yake."

Nikaitikia.

Sijaona mahali kama kule kwao Uingereza, kabla wala baada. Texas yetu ni tambarare, barabara inanyooka mpaka macho yanachoka. Kule vilima vilipandana kimoja juu ya kingine, vimegawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kondoo wamesimama mvuani bila wasiwasi. Msitu ulikuwa ubavuni mwa kilima. Mialoni yake haikuwa mirefu. Upepo ulikuwa umeipinda, na kila tawi lilivaa kuvumwani nene, kile kimea laini kama zulia, mpaka mawe nayo yalikuwa kijani. Chini ya miti maua ya buluu yalitandaa kila upande. Ulikuwa mwezi wa Mei na mimi nimevaa makoti mawili. Mzee Walter alisimama langoni akavuta ile harufu ya majani maji, na machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka, sijui kwa nini, kwa sababu msitu ule haukuwa wangu.

Alitembea hatua mia mbili na kumi. Nilizihesabu, mkanda mkononi. Kisha njia ikaanza kupanda juu ya mawe yenye utelezi, na midomo yake ikabadilika rangi. Nikamketisha kwenye benchi. Mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia, mama mkimya aliyetuleta kwa gari lake, akaketi naye na blanketi.

"Nenda wewe," Mzee akaniambia. "Fuata kijito. Ni mwaloni wenye shina lililogawanyika mara mbili juu ya jiwe bapa. Ukaone, uje uniambie."

Nilipanda dakika kumi na tano. Maji ya kijito yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Jiwe bapa nililiona. Mwaloni ulikuwa umelala chini, mizizi juu, gome limeanza kubambuka, ulianguka zamani. Nilishika shina lake, nikaanza kushuka huku maneno yakijipanga mdomoni yenyewe: upo, Mzee, umestawi, una majani. Miaka yote nimesema maneno ya namna ile na sijawahi kujuta. Lakini nilipomkaribia nikamkuta ananitazama kama anavyomtazama Karen siku za Jumapili, na nikaona haya.

"Umeanguka, Mzee," nikasema. "Umeanguka siku nyingi."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Najua. Binamu yangu aliniandikia kabla hatujapanda ndege."

"Sasa kwa nini ukanituma?"

"Nilitaka kujua kama nina mtu mmoja wa kuniambia." Akanishika mkono. "Sasa niambie la pili. Nitapona?"

Nilikumbuka Karen uwanjani. Nilikumbuka pia kwamba habari kama hizo ni za daktari, na msaidizi wa muuguzi hapaswi hata kuzigusa.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Moyo wako hautarudi ulivyokuwa."

Hakulia. Tulikaa pale karibu saa nzima, ananionyesha miti na kunitajia majina yake, mvua ya rasharasha inatupiga kidogo kidogo. Katika maisha yangu yote ya kazi sijapata saa nzuri kuliko ile, na mpaka leo nikifumba macho naisikia harufu yake.

Tuliporudi alimwambia Karen kila kitu, bila kuficha kwamba ni mimi niliyemwambia hatapona. Karen alimpigia simu Sista. Sista akaniita, akafunga mlango.

"Ulisema ukweli, Mzee. Na haikuwa kazi yako kuusema. Sasa mimi nifanye nini na hizo mbili?" Akanihamishia kwa mgonjwa mwingine Fort Worth. Sikumlaumu. Hata Karen sikumlaumu, maana nilimwitikia na sikutimiza.

Nimestaafu sasa. Siku ya kuniaga walikata keki, wakanipa saa ya ukutani, na wajukuu zangu wakaniimbia kwa Kiingereza. Wahudumu vijana wanaopita hapa nyumbani Grand Prairie huniuliza nimejifunza nini katika kazi ile, nami huwaeleza habari za mkanda na kupinda magoti, kwa sababu hayo yanafundishika. Nisichoweza kuwafundisha ni ile simu ya Mzee Walter, wiki sita baada ya kuhamishwa.

"Hassan," akasema, pumzi inakatika, "hapa kila mtu ananiambia naonekana vizuri."

Nikamuuliza analalia mito mingapi. Moyo ukishindwa, maji hupanda mapafuni, na mgonjwa huongeza mito ili apumue.

"Minne. Jana usiku nililala kwenye kiti."

"Miguu imevimba mpaka wapi?"

"Mapajani."

"Unakula?"

"Hapana."

Ilikuwa Jumatano. Nilishika simu kwa mikono miwili.

"Mzee, usimngoje Karen mpaka Jumapili," nikasema. "Mwite leo."

Akavuta pumzi mbili fupi. Kisha akasema, "Basi kata simu, Hassan, nimpigie."