Kola ya Bobi Shingoni mwa Mkwe

Haya nimeyaficha miaka mingi, na nisingeyasema leo kama dada yangu mwenye mdomo asingewaambia wajukuu wangu, basi heri niseme mwenyewe: mimi, mwanamke ambaye sakafu yake ilisifiwa Kapsoit nzima, nilimvisha mkwe wangu kola ya mbwa.

Wakati huo nilikuwa nafanya usafi nyumbani kwa meneja wa shamba la chai, na memsabu akanipa kola mpya, nyeupe, laini kama utumbo wa mbuzi, dawa imo ndani yake. Akaniambia mbwa akiivaa, viroboto na kupe wanakufa miezi mitatu bila kumwosha wala kumpaka kitu, ila nisiache watoto waishike. (Watoto, alisema. Wazee hakuwataja.)

Nami nilikuwa na shida. Jumamosi ile watu wa Sigor walikuwa wanakuja kumposa binti yangu Chelangat, na mbwa wetu Bobi alikuwa amelala ndani mvua yote, viroboto wakajaa mpaka ukikaa unacheza ngoma peke yako. Nilifagia, nikamwaga majivu, nikapaka sakafu mavi ya ng'ombe mara mbili, wapi! Wageni wakijikuna watasema binti wa nyumba chafu hatufai, na Chelangat alikuwa amempenda huyo kijana mpaka hali chakula.

Asubuhi yenyewe nimeshika kola, namtazama Bobi, nikawaza: huyu ni mbwa tu, na atakayekata shauri leo ni mzee, baba ya kijana. Kwani kiroboto anajua shingo ni ya nani? Sisi mtu wa heshima tunamvisha sinendet, ule mmea wa kijani unaotambaa msituni, kwa hivyo nikaizungushia kola majani mpaka ikafichika, na wageni walipofika nikamvisha mzee kwa mikono yangu huku wanawake wakipiga vigelegele.

Mwanzoni ilikuwa nzuri ajabu. Wengine walijikuna (mama ya kijana alikuwa anasugua mguu kwa mguu kama nzi) lakini mzee alitulia kama jiwe, akanywa maziwa ya kibuyu, akasema nyumba hii ina amani. Nikavimba kichwa. Kumbe moto ulikuwa karibu naye, majani yakanyauka, yakaanza kudondoka ndani ya kikombe chake, na kila jani likianguka mimi naruka kuliokota kama kuku, mpaka ikabaki kola tupu na kifungo chake cha chuma kinang'aa.

Ndugu ya huyo mzee alikuwa mpishi wa wazungu. Akainama, akaangalia, akasema pole pole, "Mzee, hiyo ni ya mbwa."

Nadhani hata viroboto waliacha kuruka. Chelangat akafunika uso kwa leso. Bwana yangu akatazama nyasi za paa kama aliyeona nyoka. Na Bobi, asiye na adabu, akaingia wakati huo huo, akakaa mbele ya mzee akijikuna kama mtu anayedai chake.

Nilitafuta uongo nikaukosa, nikasema yote, memsabu, viroboto, miezi mitatu. "Niliogopa utamkataa mtoto wangu kwa sababu ya wadudu, mzee."

Mzee akaipapasa ile kola, akafikiri sana. "Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu."

"Mimi napeleka ng'ombe josho kila wiki na kupe wanarudi. Na viroboto wa kwangu wanashinda hawa." (Mkewe akamkanyaga mguu.) "Mama Chelangat, umemnyima mbwa wako ukanipa mimi. Msichana tumechukua."

Kola hakurudisha. Nilisimama mlangoni nikingoja aivue, akafunga koti juu yake, akaenda nayo Sigor.

Siku ya harusi, nimevaa kitambaa kipya mbele ya kanisa lote, naona mzee anakuja, shingo nyekundu kama ya bata mzinga, anapenya katikati ya wanawake, na kwa ile sauti ya mtu asiyesikia vizuri akaniambia, "Mama Chelangat, ile yangu imekwisha nguvu. Niletee nyingine."

Tangu hapo, kwangu dawa ya mbwa huvaliwa na mbwa. Mgeni akija akijikuna, najikuna naye.