Ndoo Kumi na Nne za Kazi Nyepesi

Nilikuwa kidato cha pili kongosho langu lilipogoma kutengeneza insulini, na tangu hapo najichoma sindano asubuhi na jioni. Sasa nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale Mukendo, Musoma mjini. Kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, sehemu ya mwili wangu inayotaabika ni vidole tu. Dozi niliyopangiwa kliniki ilikuwa ya mtu aliyekaa kitini, na kitini ilinifaa sana.

Mtaalamu wa lishe pale kliniki, kijana mpole mwenye fomu, aliniuliza siku moja, "Dada, unafanya mazoezi?"

"Mazoezi gani?"

"Kukimbia. Gym. Kuogelea."

Nikamwambia ziwa letu nalipenda kwa macho, kwa kuwa lina kichocho, na mamba hawajui kwamba mimi ni mgonjwa. Hakucheka. Nikaongeza kwamba Jumamosi huwa naenda Butiama kumsaidia mama kulima mihogo.

"Hiyo ni kazi," akasema. "Mimi nauliza mazoezi."

Akaandika: *Hafanyi*. Akanipa na kipeperushi chenye picha ya mwanamume aliyevaa viatu vyeupe vya kukimbilia, anatabasamu kama mtu ambaye hajawahi kutumwa maji.

Wiki mbili baadaye shangazi yangu wa Bunda, dada wa marehemu baba, alikuwa na sendofu ya kumuaga binti yake anayeolewa. Mama na mimi tulilala kwake ili tuamkie shughuli. Asubuhi nilijichoma uniti zangu zote, nikala viazi vitamu kwa chai isiyo na sukari, nikajitokeza mbele ya kamati ya akina mama kupangiwa kazi.

"Huyu ni mgonjwa," shangazi akatangaza, "apewe kazi nyepesi." Wakashauriana. Kukata vitunguu wakaona kutaniumiza macho. Kukaa jikoni, moshi. Hatimaye wakakubaliana nichote maji, kwa sababu mmoja wao alisikia redioni kwamba watu wa sukari wanatakiwa kutembea.

Bomba lilikuwa mtaa wa pili, na njia ya kurudi ni ya kupanda. Nilibeba ndoo kumi na nne. Naikumbuka idadi kwa sababu kila nilipoingia uani, mama mmoja aliyekaa kwenye kigoda aliitangaza kwa sauti, kama mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi. Chakula cha mchana kilikuwa kiive saa saba. Saa tisa nyama ilikuwa bado inabishana na moto, na kamati ilikuwa bado inabishana kuhusu rangi ya vitambaa vya meza.

Nikiwa natua ndoo ya mwisho, mikono ilianza kutetemeka. Jasho la baridi likanitoka, midomo ikafa ganzi. Nilijua ni nini: sukari inashuka. Insulini ya asubuhi ilikuwa inafanya kazi yake, misuli nayo ilikuwa imekula kila kilichokuwa kwenye damu. Nilijikokota hadi stoo ya vinywaji. Mlangoni alikaa baba mdogo wa bibi harusi, mwenyekiti wa kamati ya vinywaji, na orodha mkononi.

"Soda moja, mjomba. Naumwa."

"Soda zinatoka wageni wakishakaa," akajibu. "Nikianza na wewe, nitamaliza na nani?"

Nikampita, nikachukua chupa kwenye kreti, nikaifungua kwa meno. Sijawahi kufanya hivyo kabla wala baada. Ndipo shangazi alipotokea na kuipokonya kabla haijagusa ulimi.

"Unataka kufa kwenye sherehe yangu? Si una sukari wewe!"

"Imeshuka, shangazi," nikasema, lakini ulimi ulikuwa mzito na maneno yalitoka kama ya mlevi. Mtu akauliza nani amenipa pombe. Wakanikalisha kwenye mkeka. Ndani ya dakika chache nilikuwa na madaktari tisa, wote wakishughulikia kuniteremsha sukari. Mmoja alileta kikombe cha mwarobaini. Mwingine akasema jirani yake aliponaga kwa unga wa mlonge. Wa tatu alianza kukemea pepo, na mwenyekiti wa vinywaji akauliza kama ile chupa iliyofunguliwa iandikwe imeharibika.

Niliogopa sana. Niliwaona watu wanaonipenda wamenizunguka, kila mmoja ana dawa mkononi, na nikajua kwamba nitakufa katikati ya upendo huo.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachambua mchele wa sufuria ya pili. Alipoambiwa "mwanao kalewa," alikuja mbio bila viatu. Hakuuliza mtu. Aliitwaa ile chupa kutoka mkononi mwa shangazi.

"Wifi, utamuua!" shangazi akalia.

"Nyinyi ndio mnamuua," mama akasema, akanishika kidevu na kuninywesha kidogo kidogo mpaka chupa ikaisha. Kisha akatoa mashine yangu ya kupimia kwenye mkoba, akanipima: mbili nukta saba, wakati haitakiwi kushuka chini ya nne, na hapo nilikuwa nimeshameza soda. Baada ya robo saa niliweza kutaja jina langu. Nikapewa wali, nikalia kidogo, nikala.

Shangazi mpaka leo anawasimulia watu jinsi mwarobaini ulivyoniokoa.

Kliniki iliyofuata nilimkuta muuguzi wa makamo ambaye hakuwa na fomu. Nilipomsimulia, alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaniuliza, "Siku ya jembe unajichoma ngapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Tukakaa tukapanga: siku ya kazi nzito nipunguze dozi ya asubuhi kwa kiasi tulichokubaliana, nipime kabla ya kuanza na katikati ya kazi, nile bila kusubiri kamati yoyote, na jioni niwe mwangalifu, kwa maana mwili huendelea kudai hata jembe likishawekwa chini.

Haikukaa sawa mara moja. Jumamosi ya kwanza nilipunguza kwa woga kupita tulivyopatana, sukari ikapanda hadi kumi na saba, nikashinda nakunywa maji na kukimbilia chooni. Niliandika kila kitu kwenye daftari: matuta mangapi, uniti ngapi, nilikula nini. Baada ya miezi michache tukakipata kipimo changu.

Juzi Butiama nililima matuta matatu, nikaketi juu ya la nne, nikajitoboa kidole. Tano nukta moja, na kazi bado ndefu. Nikatoa kiazi cha kuchemsha mfukoni. Mzee mmoja wa jirani alipita na ng'ombe wake, akasimama kunitazama.

"Watu wa mjini," akasema. "Matuta matatu tu, tayari unakula?"

"Shikamoo, baba," nikamjibu, nikaendelea kutafuna.