Siku Msumeno wa Baba Ulipokatika Ruangwa

Enzi zetu, pale Nachingwea, chakula cha jioni hakiliwi mpaka mkanda wa msumeno uwe umelazwa. Msidhani natania. Baba alikuwa fundi chuma kwenye karakana ya misheni, na msumeno wake wa kukatia chuma ulikuwa na mkanda mrefu wa meno unaozungushwa na magurudumu mawili. Asubuhi aliukaza kwa skrubu, jioni aliulegeza upumzike. Mama alimsubiri na mwiko mkononi. "Umeulaza?" Akijibu, "Umelala," ndipo tunanawa. Akisahau, alirudi karakana, nasi tukabaki tunameza mate mbele ya ugali wa muhogo na mbaazi zinazopoa.

Nakumbuka yale maji meupe ya kupoozea chuma. Harufu yake iling'ang'ania shati la baba hata Jumapili kanisani. Likizo alituruhusu kutazama, mikono nyuma. Anazima mashine, anachomoa waya wa umeme, ndipo afungue kifuniko. Anausugua mkanda kwa brashi, anahakikisha meno yanatazama upande wa kukata, kisha anaugonga kwa kidole na kutega sikio. Ukilia kwa kulegea, anakaza kidogo. Ukilia kwa sauti nyembamba mno, anarudisha nyuma kidogo. "Ukiukaza kwa hasira, utakulipa kwa hasira," alituambia. Kwa mkanda uliochakaa alimtengenezea mama kisu cha kumenyea muhogo.

Juzi nimekwenda Ruangwa kwa Kosmas, mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana karakana yake ya mageti, na msumeno wa babu yake umo. Nilifurahi kama nimemwona baba. Kisha nikatazama vizuri. Jamani! Mkanda una kutu, meno yamepukutika, kifuniko kiko nje, kuku anatagia. Kijana kaziba masikio kwa muziki, anaukandamiza msumeno kwa kiwiko ili bomba likatike upesi.

Nikamvuta shati. "Kosmas, huu mkanda huwa unaulegeza saa ngapi?"

"Kuulegeza? Shangazi, tangu niufunge sijaugusa. Unapiga kazi freshi, usiwe na presha."

Hajamaliza kucheka, mkanda ukakatika. Paa! Ukachomoka, ukapita mbele ya uso wake, ukagonga mlango wa mbao na kuuchana. Nikakaa chini juu ya vyuma. Nilijua jicho limekwenda. Alipotoa kiganja usoni, nikaona nyusi imepasuka, jicho liko pale pale. Na mnajua alifanya nini? Alitoa simu, akaupiga picha mlango!

Nilimsema mpaka wateja wakaondoka. Mkanda mpya tuliufunga wote, waya umechomolewa, kuku kafukuzwa. Niliugonga kwa kidole, akakaza, akarudisha, mpaka ukalia vile nilivyousikia utotoni. Machozi yalinitoka, sikuficha. Akamalizia kazi zake za siku hiyo.

Enzi zetu hata chuma kiliruhusiwa kuchoka. Siku hizi vijana wetu hawalegezi kitu, wala wao wenyewe hawalegei. Jioni mkewe alipotenga ugali, watoto wakanyoosha mikono, nikajisikia nauliza kwa sauti ya mama:

"Kosmas, umeulaza?"

Mkono wake ulisimama juu ya sahani. Akanitazama, plasta juu ya jicho, akainuka na kutoka. Tukabaki tunamsubiri, mboga inapoa, na hakuna aliyegusa chakula.