Kibuyu Nilichokiosha

Nikinusa mkaa uliochanganyika na maziwa, narudi moja kwa moja Kericho ya miaka ya thelathini, kwenye kambi ya wachuma chai tulikohamia kutoka kando ya ziwa. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, na nilichukia kila kitu: baridi, mvua ya kila alasiri, na watoto wa Kikipsigis walioniita toondet, mgeni. Aliyetujali alikuwa mwanamke mzee wa ng'ambo ya kijito, ambaye watoto wote walimwita Kogo, yaani nyanya. Mama alipojifungua, alimletea kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuganda, akaahidi kukijaza kila kikiisha.

Kilipoisha, nikajitia kimbelembele kukiosha. Nilikisugua kwa mchanga na kokoto kama tulivyosugua vyungu kwetu, maji meusi yakatoka, nikaendelea mpaka kikawa cheupe ndani. Nikakirudisha kifua mbele. Kogo alichungulia, akanusa, akaniuliza mkaa wake uko wapi. Weusi ule haukuwa uchafu. Ulikuwa mkaa wa mti wa senetwet, alioupaka mwenyewe ili maziwa yasiharibike. Aibu ilinishika mpaka nikalia, maana nilijua nimemkosesha mama maziwa, na jirani wetu wa pekee nimempoteza.

"Usilie," aliniambia. "Kesho asubuhi tunaenda kutafuta hiyo mti. Mtoto wa hapa lazima ajue."

Tulitembea tangu umande mpaka jua la utosi. Tulivuka vijito viwili, tukapanda kilima cha upande wa Litein, na huko juu ndipo nilipoona kwamba mashamba ya chai yana mwisho. Kogo alinitajia jina la kila mmea, nami nikayarudia hata alipocheka matamshi yangu. Tulipoupata mti wenye maua ya manjano, alinipa panga nikate mwenyewe. Nyumbani kwake tukachoma fito, tukausaga mkaa ndani ya kibuyu, na kesho yake mama akanywa. Tangu siku hiyo baridi ya Kericho ikawa baridi tu.

Mwaka jana nilipita kilima kile kwa gari. Chai imekimeza chote, nami magoti yamechoka. Lakini kando ya barabara niliona maua ya manjano, nikamwomba dereva asimame, nikashuka kuvunja tawi. Mchuma chai mmoja aliyesikia lafudhi yangu akaniuliza nani alinionyesha mti huo, mimi mtu wa ziwani.

"Nyanya yangu," nikamjibu. "Alikuwa anakaa hapo chini."