Mafuta ya Badagry, Moshi wa Porto-Novo

Mwaka ule nchi yangu iliruka kwenye chati kama paka aliyekanyagwa mkia.

Sitanii. Miaka nenda rudi mstari wa Benin ulikuwa umelala chini, mpole kabisa, na wa jirani zetu Nigeria uko juu huko. Ghafla wetu ukapanda, wao ukashuka. Mwaka huohuo!

Kazi yangu ndiyo ilikuwa hiyo: kulinganisha methane inayotoka kwenye magari na pikipiki za nchi hizi mbili. Ndiyo, gesi ileile ya ng'ombe. Injini nazo huitoa, kidogokidogo.

Mama mkwe wangu, Mama Zinsou, akiniona natoka asubuhi anasonya.

"Haya, mhesabu mashuzi huyo anaenda. Sisi wengine tutafute cha kula."

Na kweli alikuwa anatulisha. Mume wangu hakuwa na kazi, mimi bado nilikuwa kwenye majaribio. Nyumba nzima ilitegemea meza yake ya barabarani hapa Porto-Novo, iliyojaa madumu ya kioo ya kpayo, petroli ya magendo kutoka Nigeria.

"Fifamè, ukinitaja huko ofisini kwenu," alinionya, "utatoka kwangu na nguo ulizovaa."

Basi ukaja mkutano Cotonou. Upande wa Nigeria alikuja jamaa anaitwa Mautin, mtu wa Badagry, mji wa mpakani, suti imembana, Kiingereza kitupu mpaka mkalimani anatokwa jasho. Akaionyesha ile chati, akacheka.

"Wenzetu wa Benin, poleni sana. Sisi tunasafisha hewa, nyie ndiyo kwanza mnaichafua. Nunueni baiskeli."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkurugenzi wangu akanigeukia na jicho jekundu.

"Dada, jibu! Au hesabu zako ndizo mbovu?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikaikumbuka meza ya mama mkwe, nikajifanya napekua karatasi.

"Mwacheni," Mautin akasema. "Hawa hata kuhesabu wanahitaji msaada."

Aisee, hapo niliona giza. Nikasimama.

"Sikiliza, kaka. Hizi hesabu zinafuata mafuta yaliponunuliwa, hazifuati yalipochomwa. Miaka yote petroli yenu imevushwa kwa magendo, tukaichoma sisi, methane ikaandikwa kwenu. Mlipofuta ruzuku ya petroli, magendo yakapanda bei, watu wetu wakaanza kujaza vituoni. Hamjasafisha hewa yoyote. Moshi wetu umeanza kuandikwa kwetu, basi."

Mtu wa forodha akanyoosha mkono kutoka nyuma.

"Hayo magendo yanauzwa wapi hasa?"

"Kila mahali," nikasema, nikaketi haraka.

Nilirudi nyumbani nusu nacheka, nusu naogopa. Nikafungua mlango.

Mautin!

Amekaa kwenye kiti cha mume wangu, koti amelivua, anamega akassa, ugali wetu wa mahindi, kwa samaki, anaongea Kigun, lugha yetu ya nyumbani, safi kama kazaliwa mtaani kwetu.

"Mama, nimekuja mbio. Kuna mwanamke mmoja punguani leo ametaja kpayo mbele ya forodha. Ficha madumu sasa hivi."

"Punguani gani huyo? Niletee nimchane!" Mama mkwe akaniona. "Fifamè, msalimie kaka yako. Mama yake ndiye anayeniletea mzigo toka Badagry."

Mautin akalirudisha tonge kwenye sahani. Akanitazama. Ningeweza kunyamaza, na nina hakika naye angenyamaza.

"Punguani ni mimi, mama."

Nikasubiri kofi. Mama Zinsou akaweka upawa chini polepole.

"Na yeye alisema nini mpaka ukasema wewe?"

"Alisema Benin tunachafua hewa. Na kwamba hatujui kuhesabu."

Akaiondoa sahani mbele ya mgeni.

"Mama yako ananiuzia mafuta, wewe unapanda jukwaani kunisimanga kwa moshi wake?"

"Mama, ile ni kazi tu..."

"Toka kwangu!"

Mautin akachukua koti. Mlangoni akageuka. "Sawa. Tone letu hutaliona tena."

Nikataka kumshukuru mama mkwe. Akanikata kwa jicho. "Usidhani nimekutetea. Mtu mzima anachagua pa kufungulia mdomo."

Forodha hawakuja hata siku moja. Nusu yao wanajaza kpayo wenyewe. Ila Badagry walitimiza neno lao, na wachuuzi wengine wakaambiwa nyumba yetu ina mdomo, wasituletee mzigo. Ripoti ilitoka na maelezo yangu, mkurugenzi akapigiwa makofi, mkataba wangu ukaisha bila mtu kuutaja.

Nilichojifunza: kabla hujasema ukweli kuhusu nchi mbili, angalia chakula chako kinavuka mpaka gani. Mimi niliangalia, nikasema hivyohivyo, na sijui kama ningeweza kufanya vingine.

Mama Zinsou bado anakaa kwenye meza yake kila asubuhi, madumu matupu. Dereva wa pikipiki akisimama kuuliza mafuta, anauelekezea mlango wetu kwa mdomo.

"Muulize msomi. Yeye ndiye anajua yameenda wapi."