Bangili za Mke wa Sonara

Baba yangu alisuka minyororo ya shaba ya kufungia vibuyu vya ugoro. Vidole vyake nilivirithi, na kwa sababu hiyo sonara wa Kihindi mjini Kitui alinichukua kazini nilipomaliza sekondari. Alinifundisha kupuliza moto kwa kibomba cha mdomo na kusugua dhahabu kwa ukwaju mpaka ing'ae.

Alinifundisha pia maana ya kila pambo. Babu yake alikuja na reli, na wake za wenye maduka ya stesheni walimletea kazi: vipini vya pua, na mikufu ya shanga nyeusi ya kumkinga mume na jicho baya. Miguuni walivaa fedha tu, kwa kuwa dhahabu kwao ni ya mungu wa mali, haishuki chini hivyo. Bangili za harusi ni mali ya mwanamke. Duka likifilisika, mume hazigusi. Mume akifa, mjane huzivua, zikangoja binti au mjukuu.

Siku moja kipini kilipotea. Sonara alinivua shati mbele ya wateja, akapitisha kitana kwenye nywele zangu. Mkewe alisimama mlangoni, bangili zimejaa mkononi, akitazama. Nikafukuzwa.

Sikurusha jiwe. Nilienda duka hadi duka, nikiwanong'oneza wanawake wa Kihindi: "Mama, dhahabu yake ni ya juu tu. Ndani ni shaba. Mimi ndiye nilikuwa naipaka." Ulikuwa uongo, lakini nani angebishana na mfanyakazi wake? Kwao familia nzima humwamini sonara mmoja, bibi, mama na binti, na wakihama huhama pamoja. Duka la sonara lilipofungwa kwa kukosa wateja, nilisimama mbele yake nikala andazi polepole.

Mwaka jana yule mke wa sonara alikuja hadi Salama, mji mdogo kwenye barabara ya Mombasa, kwenye kibanda ninapotengeneza vidani vilivyokatika. Dereva alimshika mkono kwa sababu ya mtoto wa jicho. Mumewe alikuwa amefariki, na bangili zilikataa kupita kwenye mkono uliovimba.

"Kata pole, fundi," alisema. "Mjukuu naolewa. Wewe taunga tena, mpya kabisa."

"Umenikumbuka, mama?"

"Nakumbuka. Kile kipini tulipata. Chini ya ubao, mwaka ule ule."

Msumeno ulisimama. "Na hamkuniita?"

"Mzee aliona aibu. Alisema, huyo shapata kazi ingine."

Nikaendelea kukata. Miaka yote ile nilikuwa mwizi kwa watu waliojua mimi si mwizi. Bangili ya kwanza ikaachia. Niligeuza mahali palipokatwa kwenye mwanga: njano tupu, juu hadi ndani. Yule mzee alikuwa fundi mwaminifu, na mimi nilimchukia zaidi kwa hilo.

Mkono ulipokuwa huru, aliusugua, kisha akainama karibu yangu. "Watu nasema mengi juu ya bwana yangu. Mimi nakaa na maneno hayo mpaka leo. Wewe najua. Ndani iko nini?"

Neno moja lingemtuliza. Nililiona, nikaliacha.

"Shaba, mama."

Hakulia. Alipapasa vile vipande mezani kana kwamba anavihesabu, kisha akavisukuma kwangu.

"Basi hata mimi, bwana yangu nadanganya," alisema. "Siwezi kuvalisha mtoto uongo. Tupa."

Dereva akamshika mkono. Kabla hawajaondoka dereva aliniandikia namba yake, kama kungekuwa na kazi nyingine. Nikakaa na ule ushindi. Kwa siku chache nilitembea kama kijana.

Niwe mkweli, sikusahau chochote walichonitenda, na sitawasamehe kirahisi. Lakini kosa la siku ile ni langu peke yangu, hakuna aliyenisukuma. Bibi harusi alivaa nini mkononi sijui. Bangili ziko kwangu, ndani ya mkebe wa majani ya chai. Namba ya dereva ninayo. Sijapiga.